Fundi Aliyekuja Saa Saba ya Ng'ambo

Jamani, leo nimejidhalilisha. Tena kwa mtandao wenye kasi, picha safi, sauti safi, mashahidi wawili.

Niwaeleze taratibu.

Mnajua ninakaa hapa Tunduma, ghorofa ya pili, kwenye jengo la kizamani ambalo ukibonyeza swichi ya sebuleni inawaka taa ya choo (cha jirani). Kuta zake ni nene balaa. Ukiwa ndani, simu haishiki mnara wa kwetu, inashika wa Zambia. Ndiyo maana nikaamua kufungiwa intaneti ya waya.

Juzi akaja kijana wa kampuni. Akafungua boksi lililo chini ya ngazi, akaguna. Mle ndani mna nyaya za simu ya mezani, nyaya za antena, nyaya za kengele za milangoni, na zote zimepakwa rangi moja na mpaka rangi asiyebagua.

"Braza, huku chini nimeunganisha kwenye waya wenye namba ya chumba chako," akaniambia. "Ila kule juu kwako zinatokea nyaya sita. Mmojawapo ndio wenyewe. Tafuta fundi ajaribu mmoja mmoja kwenye ruta hii, hiki kisanduku cha intaneti. Taa ikiwa ya kijani, mmeupata."

Akaondoka zake.

Mama mwenye nyumba akaniambia nisihangaike, ana fundi wake, mzee anayelijua jengo hili. "Atakuja Ijumaa saa saba."

"Ya kwetu au ya ng'ambo?"

"Ya kwetu, baba."

Kwa wasiojua: hapa ukipeana miadi na mtu lazima uulize hivyo. Zambia wako nyuma yetu saa moja, na simu ikinasa mnara wao inajirudisha nyuma bila hata kukutaarifu. Mimi ndiye huwacheka wageni kwa jambo hili. Simu yangu nilishaizuia isijibadilishe saa. Isipokuwa Jumatatu nilinunua simu mpya. (Endeleeni kusoma tu.)

Sasa, Ijumaa yenyewe ni leo, na haikuwa Ijumaa ya mchezo. Baba yake Esta, mchumba wangu, alikuwa anakuja kutoka Nanyala kuniona kwa mara ya kwanza. Saa nane. Alisema hapokei barua ya posa ya mtu ambaye hajamwona anavyoishi. Esta mwenyewe anafundisha Mkwajuni, hakupata ruhusa. Shangazi yake yuko Dodoma, na neno la shangazi kwenye ukoo ule ni zito. Kwa hiyo tulipanga saa nane na nusu Esta apige simu ya video, shangazi aunganishwe, wote wanione nimekaa na mzee sebuleni kwangu, mtulivu, mtu wa maana. Bila mtandao, hakuna kikao. Bila kikao, hakuna posa.

Asubuhi nikafagia. Nikaenda kununua kuku. Nikarudi, nikakaanga harakaharaka, nikatazama simu: saa saba kamili. Palepale mlango ukagongwa.

Nikasema moyoni, huyu fundi ni wa kipekee, amefika kwa dakika!

Nikafungua. Mzee mrefu, mkavu, koti la kaki, kofia mkononi, mfuko mzito begani (vifaa, nikajua).

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mama mwenye nyumba kanielekeza huku."

"Ndiyo, nilikuwa nakusubiri. Pita, pita! Viatu acha hapo."

Akavua. Akasimama katikati ya sebule akitazama huku na huku. "Nimekuja kuona hali ya hapa ikoje," akasema.

"Hali ya hapa ni mbaya, mzee wangu. Imeoza kabisa. Njoo chumbani uone."

Akanitazama kidogo. Lakini akaja.

Nikasogeza shuka, nikamwonyesha nyaya zinazochomoza ukutani chini ya kitanda. "Ingia huko, unipe mmoja mmoja. Mimi nitakaa na ruta."

"Mimi niingie?"

"Sasa mzee, niingie mimi?"

Ndugu zangu, akavua koti, akaingia uvunguni. Nilisikia akiguna huko chini, kisha soksi yangu ikatoka peke yake. Halafu ya pili. Halafu sahani.

Waya wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu alipouvuta kengele ikalia kule chini na mama mwenye nyumba akapaza sauti, "Naniii?" Wa nne, kimya.

"Fanya hima, mzee," nikamwambia, "saa nane nina mgeni mzito."

"Mgeni gani?" ikauliza sauti ya uvunguni.

"Baba mkwe mtarajiwa. Wanasema ni mkali ajabu. Anakagua mpaka masufuria."

"Nani kasema?"

"Bintiye mwenyewe!"

"Ehee. Na wewe umejiandaaje?"

Hapa ndipo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikajiona nimepata msikilizaji.

"Nimemkaangia kuku. Wa kienyeji nimekosa, nimechukua wa kisasa. Nitamwambia wa kienyeji, atajuaje? Nimeazima na makochi kwa jirani, yale unayoyaona sebuleni siyo yangu."

"Ehee," akasema tena.

Waya wa tano, taa ikapepesa kijani, ikarudi nyekundu. Nikaruka kwa furaha! Tulipoufuatilia tukakuta umepanda ukutani hadi karibu na dari, na pale juu umechanika. Ukiuinua na kuubana, kijani. Ukiuachia, nyekundu.

Nikamletea stuli. Akapanda. Nikampa selotepu nyeusi, akaishika kwa meno, mikono yote miwili ikabana waya juu ya kichwa. Taa zote nne zikawa kijani. Nimeishi jengo hili miaka mitatu, sijawahi kuona kitu kizuri namna ile.

"Usiachie mzee! Subiri nijaribu kwanza!"

Nikafungua kompyuta yangu mpakato. Hata sijakaa sawa, simu ya video ikaingia. Esta! Nikatazama simu yangu: saa saba na nusu. Nikasema, mapenzi haya, kawahi saa nzima.

Nikapokea. Esta huyu hapa, sauti kama yuko chumba cha pili. Pembeni yake kwenye kioo, shangazi, kilemba hicho, miwani hiyo.

"Shikamoo shangazi!"

"Marahaba mwanangu. Mzee yuko wapi?"

"Bado hajafika," nikasema huku nikitabasamu. "Na afadhali, maana ndiyo kwanza tunamalizia mambo ya waya. Nipo na fundi mmoja hapa. Mzito kidogo, nimemsukumasukuma mpaka kazi imeonekana."

Esta akakunja uso. "Hajafika vipi? Baba kanipigia saa nane kasoro, yupo mlangoni kwako."

"Saa nane kasoro ipi, Esta, hata haijafika."

Nikatazama pembeni mwa kioo cha kompyuta. Kompyuta ilikuwa imeshapata mtandao wa waya, mtandao wa kwetu, na ilikuwa inasema saa nane na nusu.

Nikatazama simu. Saa saba na nusu.

Nikatazama kompyuta.

Ningeweza bado kujiokoa. Ningesema nina dharura, ningezima. Lakini mikono yangu (sijui ilitumwa na nani) ilikuwa imeshaanza kuigeuza kompyuta ili niwaonyeshe fundi, na ikamaliza ilichoanza.

Pale juu ya stuli, soksi zikiwa na vumbi la uvungu wangu, utando wa buibui kwenye nywele, selotepu mdomoni, mikono juu kama mtu aliyekamatwa, alisimama mzee.

"Kaka?" shangazi akasema.

"Baba!" Esta akapiga ukelele.

Mzee akaitema selotepu taratibu. Akaiangalia kamera.

"Esta," akasema, "kumbe nakagua masufuria?"

Kisha akaachia waya.

Taa zikawa nyekundu. Esta akaganda kwenye kioo, mdomo wazi. Chumbani tukabaki wawili. Nikapiga magoti. Sijui hata kama nilitaka kuamkia upya au kuomba msamaha.

"Mzee, mbona hukusema?"

"Nilisema nimekuja kuona hali ya hapa. Ukanionyesha." Akashuka kwenye stuli. "Na kwetu mtu akikuta watu wana kazi, anashika kazi kwanza. Mazungumzo yanakuja baadaye."

Mlango ukagongwa. Mama mwenye nyumba. "Baba Lusajo," (ndivyo anavyoniita, sina hata mtoto) "fundi wangu alikuja saa saba akakuta umefunga, kaondoka. Huyu mgeni wako wa saa nane umemkaribisha vizuri?"

Mzee akanawa. Akaketi kwenye kochi la jirani. Nikamtengea kuku. Akala paja zima. Mimi nimesimama kama mhudumu. Akajifuta midomo.

"Kuku wa kienyeji huyu mtamu sana," akasema.

Natamani ningekufa palepale. Kisha akafungua ule mfuko wa vifaa. Kahawa. Maharage. Asali chupa mbili. Zawadi kwa ajili yangu mimi, niliyemtuma uvunguni.

Alipovaa viatu nikajua posa imekwisha. Nikamsindikiza hadi kwenye ngazi, kichwa chini. Pale akageuka.

"Umenieleza ukweli wote kwa nusu saa. Wengine huchukua miaka. Barua lete." Akavaa kofia. "Jumamosi ijayo, uilete mwenyewe Nanyala. Nyumba yangu ilifungwa umeme zamani, kuna waya darini unanisumbua. Panya wapo. Utapanda wewe, mimi nitakaa chini na kahawa nikikuhimiza."

"Sawa, baba."

"Saa mbili asubuhi." Akashuka ngazi mbili, akasimama. "Ya kwetu."

Nimeshanunua saa ya ukutani, ya betri, isiyojua mnara wowote. Esta hajapokea simu zangu tangu mchana. Atakayecheka hapa, ajue Jumamosi natafuta mtu wa kunishikia ngazi.