Nafasi ya Mkunja Mashuka Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Leo asubuhi msimamizi wetu wa chumba cha kufulia alizima mashine zote ili tumsikie. Hoteli yetu imefungua nyingine, nchi nyingine, mbali zaidi. Anatakiwa mkunja mashuka mmoja akawafundishe wa kule. Mmoja tu. Kisha akatutazama mimi na Shemeji.

Shemeji ni mume wa dada yangu. Ndiye aliyenitafutia kazi hii huku ugenini, na haipiti wiki bila kunikumbusha. Hunikumbusha kwa upole, jambo linalouma zaidi. Tunakunja pamoja. Shuka la kitanda kikubwa linataka watu wawili: unashika pembe zako, mwenzako zake, mnaendeana mpaka vidole vinagusana, mnaachana, mnaendeana tena. Kutwa nzima nauona uso wake ukija.

Kabla ya hapa alishakaa nchi mbili. Mimi hii tu. Nyumbani wanamwita Msafiri. Mimi wananiita yule aliyemfuata Msafiri.

Nafasi hii ni yangu.

Jumanne, 4 Machi

Njia imepatikana. Nilimfuata msimamizi stoo ya sabuni, nikafunga mlango, nikamweleza kwa sauti ya msibani kwamba Shemeji nyumbani kumemkaa rohoni. Hali chakula. Halali usingizi. Usiku anaweweseka akimwita dada yangu. (Ukweli ni kwamba anakoroma, na jana alimaliza sahani yake na nusu ya yangu.) Nikasema mtu wa namna hiyo ukimpeleka mbali zaidi, utampoteza.

Msimamizi akashika kifua. Akasema mimi ni ndugu wa kweli. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Jumatano, 5 Machi

Sikutegemea huruma. Shemeji amepumzishwa kazi za alasiri. Mpishi ameagizwa amlishe vizuri. Ameletewa nyama, maziwa na matunda yaliyokwisha kumenywa. Akaniuliza watu hawa wamepatwa na nini leo, mbona wanamtazama kama marehemu. Nikajibu sijui. Akasema basi, shem, tusiwaudhi, akavuta sahani ya pili.

Alasiri nilikunja na yule wa mashine ya pasi, anayenizidi urefu kwa kichwa kizima. Mashuka yote yalitoka mshazari. Tumeambiwa tuyarudie. Shemeji alipita na chungwa mkononi, akatusifu kwa juhudi.

Alhamisi, 6 Machi

Amepewa likizo ya kwenda nyumbani! Tiketi ya hoteli, kwenda na kurudi, anaondoka Jumapili. Sababu: ugonjwa. Ugonjwa niliomtungia mimi.

Dada alipiga simu jioni. Kicheko chake nilikisikia nikiwa kitanda cha juu, Shemeji na simu yake wakiwa cha chini. Mama akaomba azungumze nami. Akaniuliza mimi nakuja lini, na kabla sijafungua mdomo akasema haya mwanangu, hebu mrudishie Shemeji simu, nimuulize anapenda alale chumba gani.

Chumba gani. Kile ni changu.

Mtu mwenye akili angefurahi. Mwenzangu anakwenda zake nyumbani, nafasi ya hoteli mpya imebaki wazi, nani mwingine wa kuichukua? Nimejiambia hivyo mara kadhaa. Kisha naliona sanduku lake limefunguliwa sakafuni, mashati yamepangwa, na roho inakataa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamua na mimi niugue.

Mchana nilisukuma sahani mbele za watu. (Biskuti nilikula baadaye, ndani ya blanketi.) Kazini nikalia. Kila tulipokutana katikati ya shuka, chozi. Shemeji akaninong'oneza, bwana mdogo, vipi, umemenya vitunguu? Nikaongeza kilio. Shuka la tatu nililifutia pua, ikabidi lirudi kufuliwa.

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni. Ameona kila kitu. Nalala nikiwa na raha ambayo sijaionja tangu nije nchi hii.

Jumamosi, 8 Machi

Niliitwa ofisini. Chai ilikuwa tayari mezani. Nikajua mambo yameiva.

Msimamizi akasema jana asubuhi alikuwa amekwisha kupeleka jina langu hoteli mpya. Wamekubali. Akaliondoa jana hiyohiyo jioni, baada ya kuniona. Mtu anayelia hivi hapa, akauliza, kule itakuwaje?

Nikasema yalikuwa mafua. Akanishika mkono, akasema najikaza, kama Shemeji naye anavyojikaza hadi leo kukana kwamba anaumwa.

Nikauliza sasa kule atakwenda nani. Shemeji. Likizo itamponya, akitoka nyumbani atapitiliza.

Nikauliza habari ya likizo yangu. Ya mwaka huu ameshapewa Shemeji. Ila mimi hajanisahau. Kila Jumapili nitakuja ofisini kwake, nitumie simu yake, nizungumze na mama mpaka nitosheke.

Jumapili, 9 Machi

Nimemsindikiza Shemeji uwanja wa ndege. Msimamizi amemweleza kwamba ni mimi niliyemsemea. Akanikumbatia mbele ya mizani ya mizigo, akasema yeye alidhani sina shukrani, kumbe. Akalia. Nikalia na mimi, kila mtu kwa lake.

Jumapili, 16 Machi

Tiba ya kwanza. Msimamizi ameketi pembeni yangu na boksi la tishu.

Mama amenisalimia vizuri. Amesema nisichoke, kisha ameanza. Shemeji ametengeneza mlango uliokuwa ukigoma kufunga. Shemeji amenenepa. Shemeji anawasimulia majirani habari za nchi nne. Nikamwambia hiyo ya nne hajafika bado. Mama akasema yeye anavyoisimulia, ni kama ameshafika. Nyuma nikasikia vijiko, na dada akicheka, na Shemeji akiuliza ni nani huyo kwenye simu.

Msimamizi akanipa tishu. Akasema vema, litoke lote. Katika kunituliza akadokeza kwamba mwakani hoteli itafungua nyingine tena, mbali kuliko ile.

Nimekaa nikatafakari sana, na kosa langu sasa nimelijua. Nililia. Mwenye kupelekwa mbali ni mtu asiye na kwao. Kesho asubuhi namfuata msimamizi stoo, nimwambie nimepona kabisa, nyumbani sikukumbuki, mama simkumbuki, hata sura yake imenitoka. Nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Maneno yanatoka vizuri. Nikifika kwenye neno mama sauti inakatika, lakini hilo nina muda wa kulirekebisha.