Msiba wa Jemadari Radi

Jumatatu, 1 Julai 2024

Baridi. Ukungu umeingia hadi ndani ya steshenari. Mteja mmoja tu, mwalimu, alitaka kutoa kopi ya barua. Akalalamika wino hafifu. Wino ni hafifu kweli. Nikamwambia ni karatasi.

Lakini jukwaani nimeng'ara! Pale mimi si Isaka wa kutoa kopi. Pale mimi ni Jemadari Radi, mlinzi wa Lango la Kaskazini, mwenye ngome, upanga wa dhahabu na farasi mweupe anayeitwa Korosho. Ni jukwaa la sisi wapenzi wa gemu ya Vita vya Ngome, watu wa Newala, Masasi na vijiji vya huko. Hatujuani sura. Kila mtu anaongea kama shujaa wake. Ukijisahau ukaongea kama wewe mwenyewe, utachekwa wiki nzima.

Leo Nyuki Mkali, mtu anayenionea wivu tangu Pasaka, ameuliza mbele ya wote kwa nini hajawahi kuniona ndani ya gemu yenyewe. Nikamjibu kwamba Radi haipigi hodi. Halafu nikamwambia anyamaze, yeye ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu tumbo moja, nimembeba akanikojolea. Baraza, yaani jukwaa zima, likavunjika mbavu. Mzee Ngao wa Lupaso alicheka mstari mzima. Nyuki akajibu neno moja tu: "Sawa, mjomba." Amekwisha.

Ukweli, na naandika hapa tu: gemu sijawahi kuicheza. Simu yangu ina ufa na kila nikijaribu kuipakua inaniambia nafasi haitoshi. Ila maelezo yake nimeyasoma yote.

Jumanne, 2 Julai

Balaa! Kadhi wa Baraza, ambaye ndiye msimamizi wa jukwaa, ametangaza kwamba Jumamosi kila jemadari atalinda lango lake ndani ya gemu, wote wakitazama. Atakayeshindwa anavuliwa cheo. Asiyetokea anavuliwa cheo. Wanaotaka kupambana wajiandikishe.

Nyuki Mkali alijiandikisha dhidi yangu kabla Kadhi hajamaliza kuandika.

Ujemadari siutoi. Nausema wazi: ndicho kitu pekee nilicho nacho. Hapa nyumbani mke wangu Violet ananiita Baba Justin, yaani cheo ni cha mtoto. Dada Esther ananiita "we mtoto", na nimevuka arobaini. Nyumba yangu iko kwenye kiwanja cha dada Esther, kwa hisani ya dada Esther, na dada Esther hana tabia ya kusahau hisani zake.

Jumatano, 3 Julai

Mazoezi. Kinyozi Ashraf ana gemu hiyo kwenye simu yake. Nikamwambia nafanya uchunguzi, nataka kujua kwa nini vijana wanapoteza muda. Akanipa simu.

Nikafa. Adui hata hakuwa amefika. Nilitumbukia kisimani nikimtafuta farasi. Nikarudia. Safari hii farasi nilimpata, nikamchoma mkuki. Mara ya tatu nililifungua lango mwenyewe na kuwakaribisha maadui ndani, kwa sababu kitufe cha kufunga na cha kufungua wameviweka jirani. Ubunifu mbovu.

Ashraf aliniuliza kwa upole kama macho yananisumbua. Halafu akasema, kwa kuwa nimeshakaa kwenye kiti, ni vizuri ninyoe. Nimenyoa.

Alhamisi, 4 Julai

Mpango mpya, safi kabisa. Nimetangaza jukwaani kwamba Jemadari ameumia macho. Nikaeleza: msimu huu ni wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, upepo uligeuka, vumbi lote likaniingia. Nani wa Masasi au Newala atakataa? Kila mtu hapa amewahi kulia kwa salfa. Pole zikaanza kumiminika.

Kisha Nyuki Mkali akaandika kwamba anavyosikia, Jemadari hana hata mkorosho mmoja. Mikorosho ni ya dada yake, na dada yake hamruhusu kugusa pampu tangu alipopulizia nguo zilizoanikwa.

Amejuaje? Amebahatisha tu. Watu wenye chuki hubahatisha sana.

Kadhi amesema pole, ila Jumamosi iko palepale.

Ijumaa, 5 Julai

Nimepata! Kanuni za Baraza, zile ambazo hakuna anayezisoma ila mimi: jemadari akifa kabla ya pambano, pambano linafutwa, na cheo kinabaki ndani ya ukoo wake.

Kwa hiyo nakufa. Ukoo ninao tayari. Nimefungua akaunti ya pili kwa jina la Radi Mdogo, mwanangu wa kumzaa, kijana mtiifu. Baba akizikwa, mwana anakalia kiti. Cheo hakijatoka nyumbani, na hakuna aliyegusa kitufe hata kimoja. Nashangaa wenye akili kama hizi tunabaki kutoa kopi.

Jumamosi, 6 Julai

Nimekufa asubuhi, baada ya chai. Mshale ulinipata ubavuni nikiwa juu ya lango. Sikuanguka papo hapo. Nilihutubia kwanza. Nilimsamehe Nyuki Mkali, kwa maneno ya kumuumiza.

Sikutegemea walivyolipokea. Mzee Ngao alivunja ngao yake vipande viwili. Wa Lukuledi wakapiga kengele. Myao mmoja akajitokeza kama mtani wa marehemu, akaikejeli maiti kama inavyotakiwa: eti marehemu alikuwa mlafi, mwoga wa mvua, na jeneza litengenezwe refu upande wa mdomo. Wakaimba. Mmoja akaandika kwamba alikuwa anafungua jukwaa kila jioni kwa ajili ya maneno ya Jemadari tu.

Nikalia. Machozi ya kweli, pale kaunta. Violet aliingia akauliza nani kafariki. Nikasema mimi. Akasema nikimaliza kufa, ndoo ziko mlangoni, maji yanatoka leo bombani na foleni imeshaanza.

Nyuki Mkali peke yake hakuandika kitu.

Jumapili, 7 Julai

Mchana Radi Mdogo aliingia barazani. Unyenyekevu mtupu. Akasalimu wakubwa, akasema yeye ni mwana wa marehemu na amekuja kupokea upanga.

Kadhi akauliza: mwana wa marehemu?

Radi Mdogo akathibitisha. Wa kumzaa.

Kadhi akasema pole sana kijana, lakini kwetu mtoto ni wa mama yake. Mali ya mtu na kiti chake huenda kwa mpwa. Wewe una wajomba zako, karithi huko.

Mtu wa Lulindi akatetea kwamba siku hizi mambo yamebadilika, watoto wanarithi, hata mahakamani. Kadhi akajibu kwamba Vita vya Ngome ni vya zamani sana. Wote wakaona ni kweli.

Ndipo Nyuki Mkali akatoa maneno yangu ya Jumatatu na kuyaweka pale katikati, bila kuongeza chake. "Yeye ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu tumbo moja." Nimeyasema mwenyewe. Mbele ya mashahidi. Nikaongeza hadi kukojolewa!

Ngome, upanga, Lango la Kaskazini na Korosho vyote vimekwenda kwa Nyuki. Radi Mdogo amepewa pole na blanketi.

Mimi Mmakonde, mtoto wa Mmakonde, niliyelelewa na mjomba, nimekaa nikafikiri usiku na mchana, nikajizalia mrithi asiyerithi. Nimekosa hamu ya kula. Violet amekula sehemu yangu.

Jumatano, 10 Julai

Nyuki ameweka picha ya Korosho akiwa amesimama kwenye nyasi ndefu. Amenenepa. Inauma.

Kadhi ametangaza kwamba Baraza litaanua tanga la Jemadari kwa watu kuonana uso kwa uso, Masasi, Jumamosi. Kila mtu aje na chochote cha kula.

Nitakwenda kama Radi Mdogo. Nitasimama mbele yao yatima, mwenye blanketi. Moyo wa nani hautalainika?

Jumamosi, 13 Julai

Masasi. Joto, ukitoka kwetu Newala juu. Tulikutana uani kwa mgahawa mmoja. Mkeka umetandikwa, ming'oko, viazi vyetu vya porini, imechemshwa beseni zima, na picha ya Lango la Kaskazini imewekewa maua. Kadhi kumbe ni mwalimu, Mwalimu Cuthbert, na chaki bado iko kwenye suruali. Mzee Ngao, mvunja ngao wa Lupaso, ni mama wa makamo, Mama Silvano. Alivua viatu akakaa mkekani kama kwenye msiba wa haki, akanipa pole ya kufiwa na baba. Akanitazama tena. Akasema yatima nimekomaa.

Nikaanza hotuba yangu. Nilikuwa nimefika kwenye blanketi pale alipoingia nesi, na sare yake, ametoka zamu. Leonia! Binti wa dada Esther, anayefanya kazi hapahapa Masasi. Nikadhani amekuja kununua chakula. Nikainama nyuma ya beseni la ming'oko.

Akaja moja kwa moja. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba," nikasema. Mdomo una mazoea yake.

Kadhi, ambaye alikuwa amemuuliza jina mlangoni, akasema kwa mshangao, Nyuki, kumbe mnafahamiana? Leonia akajibu kwamba huyu ni mjomba wake wa Newala, mdogo wake mama, tumbo moja. Na kwamba, kwa jinsi alivyosimuliwa, ni kweli alimkojolea.

Niliwaona wakipiga hesabu, mmoja mmoja. Mwalimu Cuthbert alimaliza wa kwanza. Alilazimika kushika ukuta. Mama Silvano alicheka hadi akalala mkekani. Yule mtani Myao akadai ada yake ya utani palepale, kwa kuwa marehemu yupo na anaweza kulipa. Amechukua kofia yangu.

Baadaye Leonia alinivuta pembeni, akanipa soda. Alinitambua tangu siku ya kwanza. Hakuna mtu mwingine duniani anayesema Radi haipigi hodi, na mimi nimeisema kwenye kila harusi ya ukoo tangu yeye akiwa mdogo. Alipoona tangazo la pambano alijiandikisha haraka ili nisipangiwe mtu mwingine. Alitaka kuniachia nishinde. Alikuwa ameshapanga aanguke wapi.

Yaani ningekwenda tu. Ningesimama langoni, hata kwa kubonyeza vitufe vya uongo, leo ningekuwa Jemadari.

Nikaumia. Nilitamani kumwambia asante. Nikamwambia soda ni ya moto.

Leonia akarudi mkekani akaomba arudishe vyote kwa mjomba. Kadhi akakataa. Akasema tumeshaanua tanga, tumekula ming'oko, na maiti harithi. Wote wakaona ni kweli.

Jumapili, 14 Julai

Nimetafakari njia nzima ya kurudi, kisha kanisani. Nimeona kosa langu lilipo. Kosa langu ni moja tu: nilizaa mtoto wa kiume. Nilipaswa kuzaa dada!

Nani anaweza kumwamuru mpwa? Mama yake. Basi Jemadari Radi alikuwa na dada, na dada huyo anaitwa Malkia Tufani. Atatokea barazani, atamwambia mwanawe arudishe kiti kwa mtu wa ukoo atakayemtaja yeye. Atakayetajwa ni mimi, kwa jina jipya. Hata Kadhi hana pa kutokea.

Akaunti ilihitaji namba mpya ya simu, na laini zangu mbili zimeshatumika kwa Radi na Radi Mdogo. Nikaenda kwa dada Esther, nikamwambia nataka kumwekea kitu cha kuangalia bei ya korosho. Akanipa simu. Nikafungua, nikaweka nenosiri nililolichagua mwenyewe, nikaandika salamu ya kwanza ya Malkia. Wazee wakapokea kwa heshima. Mzee Ngao akasimama.

Dada akaitaka simu yake. Akavaa miwani. Akasoma kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa bei ya korosho. Kisha akasema asante, we mtoto, sasa nenda kachote maji.

Nimerudi na ndoo. Nimefungua jukwaa. Malkia Tufani ameshaandika mara nyingi, na mimi sikuandika. Ameuliza ni nani alimpa mdogo wake ruhusa ya kufa kabla hajamaliza kujenga choo. Amemwagiza Nyuki awe anampelekea farasi kila Jumapili. Baraza limempa Lango la Kaskazini, la Kusini na cheo ambacho hakikuwepo.

Sina wasiwasi. Anavyojua yeye, ile ni bei ya korosho. Na nenosiri ninalo mimi.