Babu wa Mshambuliaji wa Ujerumani

Upepo wa Same ulikuwa umeanza kumwaga vumbi kwenye vikombe vya kahawa vya Kassimu pale Takwimu alipoegesha bodaboda yake kando ya stendi na kuinua simu juu.

"Oyaa! Florian Mnzava kawatungua mbili jana! Na gazeti limeanika ukoo wake. Babu mzaa baba ni Eliwaza Mnzava, alitoka Gonja, hukuhuku Upareni, kwenda Ujerumani kusomea useremala, akaoa hukohuko."

Kahawa ilimpalia mzee Melkizedeki Mnzava. Pale kijiweni hakuna aliyemwita hivyo. Aliitwa Rufaa, kwa kuwa aliwahi kuuza ng'ombe apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku, akashindwa, akakata rufaa. Sifa hiyo sisi Wapare tumebandikwa sote, ila Rufaa ndiye aliyeitumikia kwa moyo wake wote.

"Eliwaza ni kaka yangu, tumbo moja!" alisema alipopata pumzi. "Jamani, mimi ni babu yake Florian!"

Furaha ilimpanda mpaka kooni. Miaka yote kijiwe hiki kilikuwa kikimcheka, na leo kingemwamkia.

"Tulia, mzee," alisema Kassimu huku akisuuza vikombe. "Juzi hata yule kipa wa Brazili ulisema mama yake katoka Kileo."

"Huyu nina ushahidi! Umemwona akipewa kadi ya njano? Anamfuata mwamuzi mpaka kwenye kibendera cha kona, anadai aonyeshwe kosa lake. Mjerumani gani huyo? Damu ya Gonja hiyo!"

"Na mpira akiupata hatoi pasi," alidakia Beatha, muuza tangawizi, akiwa amekalia gunia lake. "Hapo nimekubali. Ubahili ule haufundishwi, mtu huzaliwa nao."

"Akifunga hata hashangilii," Takwimu akaongeza. "Anabana nguvu, asije akazimaliza."

Walicheka, na Rufaa akacheka kuliko wote.

"Nirekodi!" aliamuru, akifunga kishikizo cha shati. "Tuma kwenye grupu la ukoo, wajue mkubwa wao ni nani." Akakohoa, akaikazia simu macho. "Mimi, Melkizedeki Mnzava, nathibitisha mbele ya umma kwamba Florian ni mjukuu halali wa kaka yangu Eliwaza. Asiyeamini aende mahakamani!"

Takwimu akatuma. Beatha akakunja uso.

"Mzee Rufaa, hivi huyo Eliwaza si ndiye mwenye lile shamba la tangawizi, lile linalopata maji ya bwawa la ndiva kabla ya mashamba mengine yote?"

"Ndiye. Lakini sasa ni langu. Nilishinda kesi."

"Ulishindaje?"

Rufaa akageukia kikombe chake. Katika kesi hiyo Clemence, mtoto wa kaka yao mwingine, alitaka shamba litunzwe mpaka wana wa Eliwaza warudi. Rufaa akasimama mbele ya baraza la kata, akashika Biblia, akaapa kwamba Eliwaza alifia Ulaya hana mke wala mtoto. Kusema kweli hakujua lolote, maana barua zilikuwa zimekoma zamani, ila aliapa kama mtu aliyemzika kwa mikono yake. Ilikuwa kesi pekee aliyowahi kushinda maishani.

"Mimi nilikuwepo," alisema Beatha. "Uliapa mpaka machozi yakakutoka."

"Njia ya mwongo fupi," Kassimu aliguna.

"Subirini, habari haijaisha," alisema Takwimu. "Desemba Florian anakuja na baba yake. Wanataka kuona shamba la babu."

"Lete hiyo simu!" Rufaa aliisogeza picha karibu, akaipeleka mbali, akaigeuza ubavu. "Hapana. Hebu tazameni hiyo pua. Huyu Mchaga. Mchaga wa Machame kabisa!"

"Anaitwa Mnzava, mzee."

"Wachaga hao! Wamechukua maduka yote, washindwe na jina?"

"Na pasi je, mbona hatoi?"

"Uchoyo wa Kizungu huo. Takwimu, ifute ile video!"

"Umechelewa, mzee wangu. Clemence kashajibu."

Akabonyeza, sauti ikatoka laini na yenye adabu zote: "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba," Rufaa akajikuta ameitikia.

"Ushahidi nimeupokea. Umezungumza vizuri sana, Mungu akubariki. Tuonane barazani."

Kassimu alilazimika kuweka birika chini kwa kicheko. Beatha aliteleza kwenye gunia. Rufaa peke yake hakucheka. Shamba lilikuwa linakwenda, mjukuu alikuwa amekwisha kukanwa, na vyote viwili vimepotezwa na kinywa chake mwenyewe.

Akainuka taratibu, akakung'uta vumbi, akaanza kuondoka. Hakufika mbali. Akageuka, na macho yake yalikuwa yamepata uhai.

"Beatha," aliita, "yule shemeji yako bado ananunua ng'ombe?"