Nilivyompigia Kampeni Gwiza

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Tangazo limebandikwa ubaoni wodini. Chama chetu cha wauguzi kitamsomesha shahada muuguzi mmoja wa hospitali hii. Mmoja tu! Mimi na stashahada yangu tuna miaka tisa sasa. Miaka tisa ya kupima presha na kuambiwa asante sista. Nafasi hiyo ni yangu, sina haja ya kuuliza mtu.

Nilikuwa sijamaliza ukurasa wa kwanza, Gwiza akapenya mbele yangu akapiga picha kurasa zote mbili kwa simu yake. Gwiza! Miaka mitatu kazini, kalelewa Mbarara ng'ambo ya mpaka, Kiswahili chake cha kuokoteza, anatabasamu hata akimwaga dawa. Ukurasa wa pili sikuusoma. Nilikuwa namkodolea macho yeye.

Jumanne, 9 Septemba

Gwiza anajisomea wakati wa chai, eti anajiandaa na usaili. Kitabu kinene, kalamu za rangi tatu. Rangi tatu za nini? Mgonjwa wa kitanda cha nne kaniuliza mbona nimenuna. Nikasingizia jino. Ukweli ni kwamba nina wivu. Nina wivu mpaka chai nimeiacha ipoe.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimepata mpango! Tawi letu la chama halina katibu. Bayingana aliikimbia kazi hiyo mwezi wa sita. Katibu anaandika mihtasari, anapanga vikao, anapigiwa simu na kila mwenye shida ya leseni. Mtu wa hivyo hawezi kufungua kitabu. Uchaguzi ni keshokutwa. Nitampendekeza Gwiza. Jamani, nina akili mpaka najiogopa.

Jumamosi, 13 Septemba

Ushindi! Nilisimama, nikammwagia sifa. Nikasema ana bidii, ana huruma, ana moyo wa mama. Kisha nikapita kila benchi nikiomba kura. Kapata arobaini na moja kati ya arobaini na tatu. Gwiza kanikumbatia huku analia. Akaniambia, "Dada Febronia, wewe iko mtu muzuri sana. Siwezi sahau." Nikampigapiga mgongoni. Nimerudi nyumbani Batsinda naimba.

Jumatano, 17 Septemba

Inafanya kazi! Simu yake haipumziki. Kitabu hajakigusa tangu Jumapili. Mimi nimefungua changu. Ukurasa wa nne. Nikapitiwa na usingizi.

Jumatatu, 22 Septemba

Kuna kitu hakiendi sawa. Gwiza anaipenda ile kazi! Juzi kaandaa mafunzo ya kutunza vidonda, wakaja wauguzi sitini, na kila mmoja kapata alama za kuhuisha leseni. Mimi sikwenda. Nilisusa. Alama nazihitaji, lakini lazima kiti changu kitupu kimemuuma.

Leo Norman, msimamizi wetu wa wodi, alipomwona anaingia alinyanyuka akampa kiti. Akamwita Bi Katibu. Mimi mgongo unaniuma tangu mwaka juzi na sijawahi kupewa hata kigoda.

Jumamosi, 27 Septemba

Umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa ya kila mwisho wa mwezi. Nilikuwa nafyeka majani na majirani zangu, najisahaulisha. Tulipomaliza, tukaenda kwenye mkutano wa mtaa. Nani kakaa pale na meza? Gwiza na wauguzi sita wa chama, wanawapima watu presha bure. Mtaani kwangu! Majirani wakaniuliza mbona mimi sijawahi kuwaletea kitu kama hicho. Nikajipanga kwenye foleni kuficha aibu. Gwiza kanipima mwenyewe. Presha iko juu. Akaniuliza kwa upole ni kitu gani kinachonisumbua siku hizi.

Jumatano, 1 Oktoba

Usaili. Watu watatu mezani. Nilikuwa nimekariri kurasa kumi na moja za kitabu. Hawakuuliza hata moja! Waliuliza nimefanya nini kwa ajili ya chama mwaka huu. Nikauliza hayo yanahusiana vipi na masomo. Mwanamama wa katikati akanikumbusha kwamba nusu ya alama ni kazi za chama na uongozi, na kwamba hayo yameandikwa ukurasa wa pili.

Nimefanya nini? Nikafikiri mpaka jasho likanitoka. Kitu kimoja tu. Nikasikia mdomo wangu unasema kwamba mimi ndiye niliyempendekeza katibu na kumpigia kampeni. Wakafurahi sana! Wakataka kujua niliona nini kwake. Ningesemaje? Nikasema ana bidii, ana huruma, ana moyo wa mama. Wakaandika kila neno.

Ijumaa, 3 Oktoba

Gwiza.

Wodini kulikuwa na keki ya kumpongeza kwa kupata ufadhili. Nilikatiwa kipande kikubwa kuliko wote, kwa sababu eti nimemwinua mwenzangu. Nilikila. Halafu nikajifungia chooni nikalia, na hayo si maigizo. Miaka tisa! Nilikuwa nimeshamwambia mama kwamba nakwenda chuo. Sijui nitaanzia wapi kumweleza.

Jumatatu, 6 Oktoba

Gwiza kanifuata asubuhi. Anaanza masomo Januari, ukatibu anauacha. Anataka kunipendekeza mimi! Keshaongea na Norman, na Norman kakubali. Akasema ufadhili utatoka tena mwakani, na kwamba nikiishika kazi hiyo mwaka mzima hakuna wa kunishinda. Alinishika mikono yote miwili. Nadhani alikuwa anasema kweli.

Lakini mimi si mjinga. Simu zile zote? Mihtasari ile? Mwaka ambao natakiwa nitulie nisome? Halafu kuna Sangwa, yule mpya wa wodi ya watoto. Nimesikia ameanza kuulizia fomu za mwakani. Ana miezi minane tu kazini!

Nikamwambia Gwiza kwamba namfahamu mtu anayefaa kuliko mimi. Mchana nimepita wodi zote nikimnadi Sangwa. Kura kumi na saba nimeshaahidiwa.