Mbwa wa Sheikh Thani na Halua ya Bi Kheiria

Jumamosi, 4 Oktoba 1969

Joto halijaisha. Nimelala darini, nimeamka shuka imelowa. Mikono yanuka ndimu kavu. Ndiyo kazi yangu siku hizi: kuchambua ndimu kavu katika ghala la Mhindi, mbovu huku, nzima kule. Mimi! Sleyum bin Marhoon, karani wa forodha Unguja, niliyekuwa na meza yangu na feni yangu! Mapinduzi yalinitoa huko, na Maskati ikanipokea kwa kunicheka Kiarabu changu. Askari wa lango kuu huniita "Zinjibari" na kunisemesha makusudi mbele ya wenzake. Cheka, bwana. Iko siku.

Na siku yenyewe huenda imefika. Juzi ameingia Sheikh Thani kutoka Sharqiya, ami yake Bi Kheiria. Bi Kheiria ni mjane, jirani yetu ukuta kwa ukuta, mzaliwa wa Unguja kama sisi. Hupika halua akauza, na mji mzima hununua kwake. Ami yake ndiye walii wake. Amekuja kuamua: ama amwoze hapa, ama amchukue wakaishi bara huko, kwa mbuzi na wanawake wasiojua hata neno moja la Kiswahili. Bi Kheiria hataki kwenda. Dada yangu Mahfoudha amesema analia akikoroga.

Waposaji ni wawili. Mimi. Na Harub muuza kofia, ambaye hana sifa ila meno.

Sheikh amekuja na mbwa! Mwembamba, mrefu, wa kuwindia. Mabedui wanasema saluki si mbwa, ni saluki. Hulala kando ya mkeka wake. Sisi watu wa Unguja mbwa ni mbwa, akikugusa na pua mbichi unatafuta maji na udongo. Mahfoudha ameanua nguo zake zote.

La mwisho, na ndilo kubwa. Halua ya Bi Kheiria inaliwa! Kila alfajiri sinia iliyoachwa uani ipoe hukutwa imechotwa pembeni. Bi Kheiria mwenyewe amesema labda paka. Paka gani huyo? Nitamkamata mwizi mimi, na Sheikh ataona mume ni nani. Yeye mwenyewe kwa halua hana neno, maskini. Ana sukari, daktari amemkataza kabisa, na jana kwenye kahawa alijisifu mbele ya watu kwamba hajaigusa tangu Ramadhani. Mtu wa msimamo.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimekagua sinia. Nimeomba ruhusa kwa Sheikh, nikaingia uani pamoja na Mahfoudha kama inavyopasa. Alama tatu! Zimelala pamoja ukingoni, safi, kama zilizopitishwa kwa mpigo mmoja. Sikuona uchafu, sikuona makombo. Nilimwonyesha Bi Kheiria. Aliziangalia alama, akaniangalia mimi, akafunika sinia kwa kawa. Akaniambia kwa upole niyaache hayo, halua ya kuliwa haikosi mlaji.

Haya za mwanamke! Hataki kunisumbua. Nimezidi kumpenda.

Ninamshuku Harub. Amekuwa akija pale kila siku na visababu vyake, mara kofia ya Sheikh, mara kamba ya mbwa. Kamba ya mbwa! Anamfuata mbwa ili ampate bibi.

Hila yangu: subili. Ile inayopakwa chuchuni kumwachisha mtoto ziwa. Nitachanganya na halua kidogo katika sahani ya maua mekundu, niitege karibu na sinia. Atakayekunja uso asubuhi ndiye mwizi. Rahisi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mdomo wangu umekufa.

Niliitega sahani jana magharibi. Asubuhi haijaguswa. Nikajisemea ngoja hadi kesho. Alasiri nikaenda kumsalimia Sheikh. Harub yupo, ameshakaa, meno nje. Bi Kheiria akaleta kahawa na halua kwa mkono wa Mahfoudha. Halua katika sahani ya maua mekundu! Bi Kheiria aliiona pale, akadhani ni akiba.

Sheikh akainyoosha kwangu kwanza. Mgeni wa kwanza kukaribishwa! Heshima kama hiyo nilikuwa naiomba kwa Mungu. Ningekataaje? Nikatia vidole, nikachota, nikameza. Machozi yakanitoka. Sheikh akauliza kulikoni. Nikasema ni utamu, unanikumbusha Unguja. Akaguswa sana. Akaniamuru niimalize yote, na Harub asipewe, maana huyu ndugu ana majonzi ya kwao.

Nimeimaliza. Harub alikuwa akinionea wivu. Hilo peke yake limenifariji, kisha nikaenda kutapika nyuma ya msikiti.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepata! Nimempata mwizi, na wala sikuhitaji subili.

Nilikuwa nimelala na tumbo langu, nikamwona mbwa kwa juu ya ukuta. Anajilamba. Pua inang'aa. Akanyoosha mguu mbele, akakwaruza mchanga. Makucha! Mistari! Nikaruka kitandani. Alama tatu ukingoni mwa sinia ni makucha ya mbwa. Mbwa ana makucha zaidi ya matatu, najua, lakini huenda anatumia matatu.

Nimemweleza Mahfoudha. Alikuwa anapeta mchele. Akasita, akaniuliza mimi mwenyewe huchota halua kwa vidole vingapi. Nikamwambia vitatu vya mkono wa kulia, kama mtu yeyote aliyelelewa, na asinitoe kwenye habari. Akauweka ungo chini. Kisha akasema, "Sleyum ndugu yangu, nakuomba, hili lifumbie macho. Usiseme kwa mtu." Nikamuuliza kwa nini. Akasema mengine hayasemwi kwa kuwa kila mtu anayajua.

Wanawake! Jambo limekaa wazi kama sinia, wao wananong'ona.

Nitasema, ila kwa wakati wake. Keshokutwa watu wa tajiri mmoja wa Matrah wanakuja kuchukua halua ya harusi ya binti yake. Masinia na masinia. Bi Kheiria hajalala, anakoroga, mkono umevimba. Mahfoudha amesema halua hii ikisifiwa Matrah, Sheikh hatakuwa na sababu ya kumwondoa. Basi siku hiyo hiyo, mbele ya watu, nitafichua. Sheikh atanishukuru. Mbwa atafungwa. Harub na kamba yake ataaibika.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Watu wana ubaya.

Watumishi wa tajiri walikuja asubuhi na msimamizi wao, mzee wa kilemba. Masinia yamepangwa uani, yamefunikwa, harufu ya zafarani na hiliki mpaka njiani. Majirani wamejaa mlangoni. Sheikh amekaa na bakora yake, mbwa miguuni. Harub pia, bila shaka. Bi Kheiria amesimama nyuma ya pazia la mlango.

Nikasimama. Nikasema kwa Kiarabu, polepole, nisikosee. Nikasema mwizi wa halua katika nyumba hii amejulikana. Nikafunua sinia, nikaonyesha alama tatu, mpya, za alfajiri ile ile. Nikamnyooshea kidole mbwa.

Nilitegemea mnong'ono wa sifa. Msimamizi alirudi nyuma kama aliyekanyaga moto. Astaghfirullah! Mbwa? Kwenye hizi? Watumishi wakatua masinia chini. Mmoja akawa anafuta mikono ukutani. Mzee mmoja wa mlangoni akasema kwa fiqhi halua ngumu hukatwa palipoguswa tu, pengine pote safi. Nani amsikilize? Msimamizi akasema bwana wake hawezi kuwawekea wageni wa harusi makombo ya mbwa. Akatoka na watu wake, mikono mitupu. Majirani wakatoka nyuma yao, na habari wakatoka nayo.

Nilimtazama Sheikh. Nilidhani ataghadhibika kwa ajili ya mbwa wake. Alikuwa ameinamisha kichwa, mkono wa kulia ameuficha ndani ya kanzu. Pazia lilitikisika kidogo, kisha likatulia.

Mahfoudha alinivuta kwa kanzu mpaka nyumbani. Amesema nimemtilia mwenzangu kitumbua chake mchanga. Mimi nimefanya nini? Nimesema niliyoyaona. Tangu lini ukweli ukawa kosa katika mji huu?

Ijumaa, 10 Oktoba

Asubuhi Bi Kheiria aliosha vyombo vyake mlangoni, njia nzima ikimwona. Sufuria kubwa ya shaba, miko, masinia. Mara saba kila kimoja, mara moja kwa udongo. Alikuwa anahesabu kwa sauti ili wapita njia wasikie. Mkono uliovimba umechubuka. Nilisimama dirishani. Nilijisikia vibaya, naandika kweli. Kisha nikakumbuka kwamba hakuna aliyeniambia ahsante, nikafunga dirisha.

Kabla ya sala akaja Harub. Meno ndani, safari hii. Akaniambia mbwa hakula. Kila alfajiri yeye Harub humchukua ufukweni akamkimbize, kwa siri, ili Sheikh ampende, na humrudisha jua likishatoka. Jana hakusema kwa kuwa aliona haya, mtu mzima muuza kofia kukokota mbwa kwa kamba. Akalia. Alitaka twende wote wawili kwa Bi Kheiria, kimya kimya, tukamwombe radhi.

Sikumsikiliza. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, nimeviangalia vidole vyangu. Vitatu. Vya mkono wa kulia. Alama safi, bila makombo. Ya Rabbi! Mtu aliyelelewa! Mtu ambaye daktari amemkataza! Mkono ndani ya kanzu!

Nilikimbia msikitini. Sala imekwisha, watu wanavaa viatu. Tajiri wa Matrah mwenyewe yupo, amekuja kumsalimia rafiki. Bahati gani hii! Nikapaza sauti. Nikasema enyi Waislamu, halua ya Bi Kheiria ni safi, mbwa hana kosa, aliyekuwa akiiba kila alfajiri ni Sheikh Thani!

Tajiri akatazama pembeni. Akasema taratibu kwamba halua amekwisha kununua kwa mtu mwingine. Watu wakatawanyika wawili wawili, macho chini. Akabaki Sheikh, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Alionekana mdogo sana. Alinipita bila kunitolea salamu, na kile cha pili hakukivaa mpaka kwake.

Jana nimesema uongo, wamekasirika. Leo nimesema kweli, wamekasirika zaidi. Wanataka nini watu hawa?

Jumamosi, 11 Oktoba

Wanafunga mizigo. Sheikh amesema hawezi kukaa saa moja zaidi katika mji uliomwona vile, na mtoto wa nduguye hatamwacha nyuma. Harub alikwenda kuposa rasmi. Hakufunguliwa mlango.

Bi Kheiria alinisemesha kutoka upande wa pili wa ukuta. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema alijua tangu siku ya kwanza. Alikuwa akiiacha ile pembe ya sinia makusudi, laini, bila lozi kwa kuwa ami hana meno. Ni mzee, ni mgeni, ni baba yake aliyembakia. Aonje kidogo bila kuonekana, kuliko kuomba akakataliwa mbele ya watu. Alisema, "Mimi n'limsitiri ami yangu kwa ukingo wa sinia. Wewe, Bwana Sleyum, umemvua nguo msikitini."

Nikamwambia nilikuwa natetea halua yake.

Akasema halua itapikwa tena popote palipo na moto. Akanitakia usiku mwema, na mchana ulikuwa bado.

Jumatatu, 13 Oktoba

Wameondoka jana na lori la Mabedui. Sufuria ya shaba juu ya magunia, Bi Kheiria ndani ya buibui lake karibu nayo, mbwa kati yao. Hakugeuka. Mbwa aligeuka.

Leo Mahfoudha ameniwekea wali, akakaa, hakula. Akasema lipo neno aliloombwa asinambie, sasa halina tena wa kumuudhi. Usiku ule wa kwanza Sheikh alimuuliza Bi Kheiria anamtaka nani, Harub au Sleyum. Alimtaja Sleyum. Alisema mdomo wangu hauna breki lakini moyo wangu haujaoza. Sheikh akaridhia. Angetangaza baada ya harusi ya Matrah, na siku zote zile alikaa tu kwa ajili ya kupumzika na kuonja. Mimi sikutakiwa kufanya lolote. Nilitakiwa kukaa.

Nililia. Nililia mbele ya dada yangu, wali ukapoa. Bi Kheiria! Mimi!

Kisha nikajifuta macho na kufikiri kama mtu aliyesoma. Kumbe ananipenda! Basi kizuizi ni kimoja tu: Sheikh ameitwa mwizi mbele ya watu. Dawa yake ni kupatikana mwizi mwingine, mbele ya watu vile vile. Na yupo! Harub amekiri kwa kinywa chake kwamba kila alfajiri alikuwa akiingia uani pale kumchukua mbwa. Na Harub ana vidole vitatu kama mtu yeyote.

Alhamisi kuna lori la Sharqiya. Ijumaa nitasimama katika msikiti wa Sheikh mwenyewe, mbele ya ukoo wake wote, nimsafishe jina. Watu wa huko hawajasikia chochote bado. Itabidi niwaeleze yote tangu mwanzo.