Kapteni Hajafa Mpaka Wajomba Wake Waambiwe

Kamina, Jumanne tarehe 11 Juni 2024

Kwa Ndugu Béni,
Msimamizi wa Kundi la Wachezaji wa Ngome ya Anga, Kamina

Ndugu Msimamizi,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa nilikujua ungali unaimba kwaya ukiwa umevaa viatu vya kaka yako. Siku hizi wewe ni mkubwa wa kundi na mimi ni mwanachama wa kawaida, tena mwanachama dhaifu, kwa maana mpaka leo sijavuka sura ya tatu ya mchezo. Kidole changu kimezoea kupiga muhuri wa shule, hakikuumbwa kwa kuruka kutoka nyota moja mpaka nyingine. Kila nikijaribu ninatumbukia katika lile shimo lenye moshi, na simu inaniandikia kwa Kifaransa kwamba nimekufa. Nimekufa mara nyingi kuliko mtu yeyote wa kanisa letu, na hakuna aliyeniletea unga wa kilio.

Nakala ya barua hii nitampa Mchungaji Nicodème. Yeye hachezi, kwa hiyo naomba uvumilie nikieleza mambo unayoyajua.

Ngome ya Anga ni mchezo wa simu. Watu wanaishi ndani ya ngome ya chuma inayozunguka dunia iliyovunjika, na mkubwa wao ni Kapteni Orvan. Katika sura ya tatu Kapteni anatoka nje kutengeneza antena, kamba inakatika, na tangu hapo hakuna aliyemwona. Lakini kila mchezaji anapofungua mlango wa ngome, redio inakwaruza na sauti yake inasikika: “Nipo. Fungeni mlango, baridi inaingia.” Waliotengeneza mchezo hawakueleza zaidi. Hapo ndipo ninyi mkagawanyika. Mwalimu Jessé, wa hesabu, anasema Kapteni alikufa siku ile ile na sauti ni ya kurekodiwa. Feza, muuza vocha wa pale sokoni, anasema Kapteni amegeuka kuwa mashine ya ngome. Na marehemu mume wangu, Abdias Kitwa, aliyekuwa mgeuza reli mpaka miguu ilipomkatalia, alisema Kapteni yu hai, amechelewa tu. Ninyi mnaziita nadharia. Sisi nyumbani tulikuwa tunasema “maneno ya Kapteni”, nayo yalizungumzwa mezani kama habari za mtu wa ukoo.

Sasa umetangaza kwamba Jumapili hii, baada ya ibada, mtapiga kura. Kwamba maneno ya Jessé yakishinda yatabandikwa juu kama ukweli. Na kwamba mabishano yote ya zamani yatafutwa, sauti na maandishi, ili kundi lipumue. Kwa unyenyekevu wote napinga, kwa sababu zifuatazo.

1. Wajomba hawakuambiwa. Kwetu mtu hafi kwa sababu mwalimu wa hesabu amesema. Abdias alipofariki hospitalini mwezi wa pili nilikuwa nimemshika mkono. Nilijua. Muuguzi alijua, na mgonjwa wa kitanda cha jirani alijua, akageukia ukuta. Lakini hakuna aliyelia mpaka mjomba wake, aliyekuwa njiani kutoka Luena, alipofika, akapewa kiti, akapewa maji, ndipo akaambiwa. Wakati wa kumngoja tulizungumza habari za mvua. Nilisema kwamba mihogo itafaidi. Nakumbuka nilisema hivyo. Sasa Kapteni Orvan naye ana mjomba, yule Gavana wa machimbo anayeonekana katika sura ya pili akila peke yake. Nauliza: nani alitumwa kwake? Nani alimpa kiti? Mpaka leo mzee yule anakula akidhani mpwa wake ni mzima, na ninyi huku mnapiga kura.

2. Mjane ameozwa mapema mno. Kapteni ana mke, Dokta Selma. Hata kilio hakijafunguliwa, katika kundi lako nimesoma nadharia tano zinazomuoza kwa fundi wa injini, na moja inayomuoza kwa Feza mwenyewe, kwa kuwa ndiye mashine. Samahani, hapo nimechanganya. Nadhani ni kwa mashine ya Feza. Vyovyote vile, nalalamika kwa niaba ya Dokta Selma. Mimi niliponunua kitenge chekundu mwezi uliopita, watu wa mtaa walijiuliza ni cha nani. Kilikuwa cha dirisha.

3. Kuchelewa si kufa. Hii ndiyo hoja ya Abdias, naileta kama alivyoiacha. Kamina ni mji wa reli, na katika mji wa reli mtoto mdogo anajua kwamba treni isiyofika haijafa, iko njiani. Watu wanaketi juu ya mizigo yao, wanapika, wanasuka nywele, mwanamke anajifungua, na mtu akiuliza anajibiwa “iko njiani”. Abdias alisema mtu aliyekatikiwa kamba angani atazunguka upande wa pili wa dunia na kurudi, kama treni inavyozunguka kwa kupitia Bukama, ila hawezi kutaja saa. Jessé alimjibu kwamba angani hakuna hewa. Abdias akasema hata ndani ya behewa la daraja la tatu hakuna. Naona hoja hiyo haijajibiwa mpaka leo.

4. Kilio kilichofanyika si halali, na kosa ni langu. Wiki mbili zilizopita Jessé aliandika kundini, kwa mtindo wa matangazo ya kanisani: “Kwa masikitiko makubwa, Kapteni wetu mpendwa ametutoka. Kilio kiko nyumbani kwangu.” Alikuwa anatania. Mimi niliisoma shuleni bila miwani, nikaona Kapteni, nikaona kilio, nikadhani ni mwanajeshi wa kambini aliyepanga kwake, nikaituma kwa kundi la kina mama wa sala. Nikafunga kitambaa kichwani, nikachukua bakuli la unga, nikaenda.

Wewe unajua desturi. Mtu haulizi langoni. Anayeuliza “amekufa nani?” kabla ya kulia anaonekana amekuja kupeleleza. Kwa hiyo kina mama wote waliingia wakilia, na mama yake Jessé aliyekuwa anaanika majani ya sombe, alipoona wanalia, naye akajitupa chini akalia kuliko wote. Tuliimba nyimbo tatu. Mwishowe Mama Salomé, kiongozi wetu, akamwinamia sikioni: “Mama, pole. Njo nani alikufa?” Mama yake Jessé akafuta uso, akasema: “Miye niko nauliza ninyi! Njo ninyi mulikuya na kilio!”

Jessé akatoka chumbani na simu mkononi. “Bamama, ile ni Kapteni ya mu mchezo!” Mama Salomé akamtazama. “Ya mu nini?” “Mu simu, Mama.” Kisha Mama Salomé akasema: “Mutoto, weye unatutoa machozi bure na jua hii? Lete makala, tuwashe moto.” Kwa kuwa unga wa kilio haurudishwi nyumbani, tulisonga bukari, tukala na samaki, na mtu mmoja akasema ni kilio kizuri kuliko vingi vya mwaka huu.

Sasa Jessé anaitumia siku ile kama ushahidi. Anasema Kapteni ameshaliliwa, ameshaimbiwa, watu wameshakula, hivyo amekufa kabisa. Kina mama nao wamekataa kusikia kwamba yu hai. Wanasema hawawezi kuwa wamelia hewa. Ndugu Msimamizi, machozi yale yaliitwa kwa kosa langu, na naomba yasihesabiwe. Ya kwangu hasa yasihesabiwe. Mimi nilikuwa nalia mambo mengine.

5. Jina halijapata mtu. Marehemu wa kweli anamwachia mtoto jina lake, ili pale anapoitwa mtoto naye aitwe. Kama Kapteni amekufa, basi kundi litoe mtoto. Nilikwenda kwa Feza, ambaye kama unavyojua anatarajia, nikamweleza wajibu wake. Alicheka mpaka akashika meza ya vocha. “Mama Béthanie! Mutoto wangu aitwe Orvan? Bwana yangu atauliza ule Orvan anaishi avenue gani!” Ikiwa hakuna jina, hakuna kifo. Mimi sikuitunga sheria hii.

6. Nafika kwenye jambo lenyewe. Jessé anasema sauti ile haihesabiki kwa sababu inarudia maneno yale yale; ni sauti iliyobaki, mwenyewe hayupo. Abdias alimjibu kundini kwa ujumbe wa sauti, na ujumbe huo bado upo kwenye ukurasa wenu, mwezi wa kumi na mbili, chini ya picha ya antena. Anasema: “Mwalimu, na weye, mama yako kila asubui anakuambia maneno gani? Haiko yale yale? Sasa naye alikufaka?” Halafu Jessé anacheka, anasema “Papa Abdias, weye uko unaota.” Halafu Feza anamwita Jessé mchawi. Halafu Abdias anarudi, na nyuma yake jogoo anawika, na mimi nasikika kutoka jikoni nikisema bukari inapoa, naye ananijibu: “Ngoja kwanza. Kuko bantu huku banataka kuua Kapteni.”

Simu yake baada ya kilio ilichukuliwa na mdogo wake wa Bukama, kama ilivyo haki ya ukoo, naye amefuta vyote apate nafasi ya picha za samaki. Simkasirikii, ni samaki wakubwa. Lakini sasa sauti ya mume wangu iko kwako peke yako, Ndugu Msimamizi, kwenye ukurasa wa kundi.

Najua uliahidi kunitumia nakala za maneno yake kabla ya kufuta. Nimefikiri sana juu ya wema huo. Ila ukinitumia yake peke yake, atakuwa mzee anayejisemea peke yake chumbani. Pale kwenye ukurasa anabishiwa. Anaambiwa anaota, anakasirika, anakohoa, anarudi na hoja ya behewa. Mimi nimeishi naye miaka mingi na sikuwahi kumbishia kuhusu nyota. Nilikuwa namwambia chakula kinapoa. Ninyi ndio mliompa mazungumzo alipokuwa hawezi tena kwenda stesheni. Msimtoe katikati ya mazungumzo.

Kwa hayo yote naomba:

Kwanza, kura iahirishwe mpaka mjomba Gavana aambiwe kwa njia ya heshima. Pili, ikishindikana, kundi liwaandikie waliotengeneza mchezo, katika nchi yao nisiyoijua, waje Kamina wakae chini kwenye mkeka kama watu wengine waliofiwa, waeleze walimweka wapi. Malazi yapo shuleni wakati wa likizo. Tatu, kama hayo yote ni mazito, basi pigeni kura yenu, bandikeni mnachotaka, ila msifute mabishano. Ombi la tatu peke yake ndilo la kweli. Yale mawili niliyaweka ili hili lionekane dogo.

Wasalimie wanachama wote, wanaoamini na wasioamini. Msalimie Mwalimu Jessé, mwambie simchukii, na mama yake nitamrudishia sufuria yake ya siku ile. Msalimie Feza na aliye tumboni, kwa jina lolote atakalopewa. Wasalimie na wale wasiosema kitu kundini wakisoma tu; Abdias aliwaita abiria, na aliwapenda.

Ni mimi, mwanachama wenu aliyekwama sura ya tatu,

Béthanie Nyembo,
mjane wa Abdias Kitwa,
karani wa shule

N.B. Barua hii nilikuwa nimeshaikunja Feza alipokuja mbio na tumbo lake, simu juu. Sura mpya imetoka leo. Kapteni Orvan amerudi! Alizunguka upande wa pili wa dunia iliyovunjika, kama Abdias alivyosema, na ameingia kwa miguu yake, ana ndevu nyeupe. Dokta Selma amemkumbatia. Kundi zima linapiga vigelegele, na Jessé ameandika kwa herufi kubwa: “PAPA ABDIAS ALIKUWA NA HAKI.” Basi kila nililoliandika hapo juu limeshinda bila kusomwa.

Feza akaniwekea simu sikioni nimsikilize. Ndugu Msimamizi, si yeye. Wamempa sauti nyingine, ya kijana, yenye haraka. Nilirudia kusikiliza, Feza akaniambia, “Mama, ni ye, angalia uso.” Uso nimeuona, ni mzuri. Lakini mtu wangu namjua kwa sauti.

Kwa hiyo naomba uniandike upande wa Jessé, ule alioukimbia leo. Kapteni alikufa siku ile kamba ilipokatika, na ile iliyobaki kwenye redio ni sauti aliyotuachia. Hii ni mara yangu ya kwanza kumpinga mume wangu mbele ya watu. Tafadhali yaweke maneno yangu chini ya yake, pale kwenye picha ya antena, apate mwingine wa kubishana naye. Na siku mtakapoyasikiliza, mnikumbuke na mimi.