Mrithi Pekee wa Marehemu Niyonzima

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimemwokoa Hassani, muuza nyavu. Kaja mbio na simu yake: mjane wa jenerali fulani anataka kumwachia dhahabu. Nikamtajia dalili tano za utapeli bila hata kuvaa miwani. Mwandishi humjui. Kuna maiti tajiri asiye na ndugu. Kuna haraka. Kuna siri. Na kuna ada ndogo, wewe ndiye unayetanguliza. Ni zile zile nilizofundisha parokiani mwezi wa sita baada ya misa ya pili, watu wakapiga makofi. Hassani kashukuru, kaninunulia Fanta. Shafii, mwenye kibanda cha fotokopi pale sokoni, kadai eti yeye alishamwambia hayo hayo asubuhi. Wivu tu! Ana kompyuta tatu lakini hajawahi kupigiwa makofi.

Jumanne, 5 Agosti

Barua pepe imeingia. Kwangu! Inatoka kwa Maître Desmond Prosper, wakili, Kanada. Mteja wake, Injinia Robert Niyonzima, amekufa na familia yake yote katika ajali ya gari. Kaacha dola milioni nne na laki mbili. Maître kazunguka dunia nzima kumtafuta mwenye jina la ukoo kama la marehemu, akanipata mimi, Wenceslaus Niyonzima wa Rumonge.

Nikacheka sana. Nikaanza kuhesabu dalili. Nilipofika ya pili nikaacha kucheka.

Maana hii ni tofauti kabisa. Mwandishi simjui, sawa, lakini yeye ananijua, kaandika majina yote mawili. Tajiri asiye na ndugu? Hapa kwetu nani hana ndugu aliyepotea mwaka wa sabini na mbili, watu walipokimbia mauaji? Mimi mwenyewe nilizaliwa ukimbizini, Mishamo, Tanzania, na hadi leo kuna watoto wa shangazi hatujui waliishia nchi gani. Siri? Wakili gani anaropoka? Haraka? Ngoja ngoja huumiza matumbo. Ada ndogo hajataja. Huyu ni mtu wa heshima.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwonyesha binti yangu Eliana, kwa kiapo. Kamaliza shule, kapata nafasi ya kusomea uuguzi Bujumbura. Kasoma, kaniuliza babu aliitwa nani. Ntirampeba. Na ndugu za babu? Nikataja majina manne, hayafanani hata herufi. Kauliza tangu lini Mrundi akarithi jina la ukoo kama Mzungu, wakati kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Darasani kwao walikuwa akina Niyonzima wanne na hakuna aliyemjua nyanya wa mwenzake. Mwishoni kasema, "Papa, hii iko wizi."

Msomi huyo! Nikamweleza kwamba Kanada wanakubandika jina la ukoo upende usipende, ni sheria. Kanitazama kwa huruma. Hata hivyo ndiye nitakayemnunulia gari la kwanza.

Alhamisi, 7 Agosti

Maître kataja ada. Lakini si ada ndogo! Ni ada ya wastani. Kwa hiyo dalili ya tano haipo, nimehakikisha.

Chini ya kitanda chetu kuna bidoni sita za mawese, madumu yaliyojaa hadi shingoni. Ni za mke wangu, Jovita. Kakamua mwenyewe, anangoja bei ipande alipe karo ya Eliana, na mwisho wa kulipa ni tarehe 14. Alipokwenda Gatete kwa dada yake nikafunga bidoni mbili kwenye baiskeli, nikauza mawese, bidoni nikarudi nazo. Pesa nikazituma kwa msaidizi wa Maître, yuko Uganda. Wakili Kanada, msaidizi Uganda. Ofisi kubwa hizi!

Zile bidoni nimezijaza maji ya ziwa, juu nikamimina mawese ya jikoni kiasi cha kidole kimoja. Mawese huelea, asante Mungu. Jovita kafungua moja jioni, kanusa, kafunga. Pesa zitakuwa zimefika kabla hajagundua.

Ijumaa, 8 Agosti

Maître anataka karatasi yenye muhuri inayothibitisha kwamba mimi ni mrithi pekee. Nimekwenda kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu. Kagoma. Kasema hawezi kugonga muhuri juu ya maiti ambaye hata matanga yake hayajaondolewa. Niite watu, ndugu wajitokeze hadharani, wenye neno waseme, ndipo atie sahihi.

Nimepanga iwe kesho asubuhi, saa ya soko, watu wakiwa kwenye samaki, ili waje wachache. Nikaenda kwa Shafii kutoa nakala ya barua pepe. Kioo cha kompyuta nilikifunika kwa mkono asisome. Bahati mbaya karatasi ilitokea upande wake.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilikodi viti kumi. Wamekuja akina Niyonzima thelathini na mmoja.

Niyonzima fundi seremala. Niyonzima mwalimu. Pacha wa Nyanza-Lac wamepanda basi dogo la alfajiri. Hata Kabwe, Mkongomani muuza ndagala, vidagaa vya ziwani, kasema bibi yake aliolewa na Niyonzima na yeye hataki mengi, nyumba tu. Wote wanamlilia Robert. Wamemaliza pombe ya ndizi kabla ya sala! Shafii kaja kama mtazamaji, anatafuna karanga. Jovita kasimama mlangoni, mikono kiunoni, anahesabu vichwa na vikombe.

Ndipo shefu akauliza lile swali ambalo huulizwa kwenye matanga yote, nami nilikuwa nimelisahau. Anayemdai marehemu ajitokeze, maana mrithi ndiye mlipaji.

Kikongwe Speciosa akainuka kwa fimbo yake. Kasema mwaka wa sabini na mbili kijana aitwaye Niyonzima alikimbilia Kigoma kwa mtumbwi wa baba yake yeye Speciosa, na mtumbwi haukurudi. Awe Robert, asiwe Robert, mtumbwi ulikwenda. Mzee mwingine akakumbuka ng'ombe wa mahari. Wa tatu akanyoosha kidole.

Wallahi sijawahi kuona watu wakiacha ukoo kwa kasi hivyo. Seremala alikumbuka kwamba jina lake ni la ubatizo tu. Pacha waliwahi basi. Kabwe kasema bibi yake alikuwa na mambo mengi. Ndani ya robo saa nilibaki mimi, viti kumi, shefu na wanaodai. Kaniuliza mara mbili kama bado nasema mimi ni mrithi. Nikasema kwa sauti: pekee! Muhuri ukagongwa.

Speciosa kaondoka na mbuzi wetu kama malipo ya kwanza ya mtumbwi. Kasema murakoze, asanteni, Mungu amlaze marehemu pema. Wa ng'ombe atarudi Desemba. Lakini karatasi ninayo! Nimeipiga picha, nimeituma.

Jumatatu, 11 Agosti

Maître hajajibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mshindo umekuja, ila si kutoka Kanada. Jovita alipeleka bidoni zote sita sokoni. Mnunuzi wa Bujumbura, mwenye lori, kafungua ya kwanza, kachovya kijiti hadi chini, kakitoa kinachuruzika maji. Kapaza sauti soko zima lisikie: "Ee mama, hii iko maji! Unauza maji!" Hakutaka hata kuzifungua nyingine. Miaka kumi na miwili Jovita anauza pale, watu hununua kwake bila kuonja. Leo walimpisha njia kama mwizi.

Hakupiga kelele. Kakaa kwenye kigoda, kaniambia, "Baba Eliana, mimi nilinusa, nikasema mume wangu hawezi." Kisha kaenda kupika. Nilijisikia vibaya, vibaya sana.

Jumatano, 13 Agosti

Jovita na Eliana wamepeleka bidoni nne nzuri Nyanza-Lac, ambako hawajulikani, wakaziuza kwa bei ya kutupa. Imepatikana nusu ya karo. Eliana kapiga simu shuleni, kaomba. Wamekubali nusu sasa, nusu kabla ya tarehe 31. Ikikosekana, nafasi anapewa mwingine. Jovita kasema itapatikana, atakwenda mashambani kununua chikichi kwa baiskeli, atakamua upya.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemsindikiza Eliana kwenye basi la Bujumbura. Pesa kazifunga kiunoni, sikuulizwa kuzibeba. Kaniapisha nisimjibu tena mtu nisiyemjua. Nikaapa kwa jina la mama yangu. Nikalia, na kilio kilikuwa cha kweli. Shafii kaona. Kanipa kitambaa, mnafiki.

Jumamosi, 16 Agosti

Mungu hamtupi mja wake! Barua pepe kutoka Tume ya Kimataifa ya Kuwafidia Waliotapeliwa. Maître Desmond amekamatwa, kumbe alikuwa tapeli, nami nilikuwa karibu kumshtukia. Tume inajua jina langu, siku niliyotuma pesa na kiasi nilichotuma, hadi senti. Hao si watu wasionijua, kwa hiyo kiapo changu kiko salama. Nitarudishiwa zote, mara tatu, Jumanne ijayo. Ni nusu ya karo ya Eliana na zaidi! Kuna gharama ya uhamisho tu. Hiyo nayo si ada.

Baiskeli nimemuuzia Shafii, gharama nimeituma. Kanipunja.

Jovita kaulizia baiskeli, kesho asubuhi anakwenda kuchukua chikichi. Nikamwambia iko kwa fundi. Akasema basi atabeba kichwani, safari tatu badala ya moja, maana tarehe 31 haiko mbali. Nimemwonea huruma kweli. Angejua tu kwamba ni mpaka Jumanne.